Pazo Imeisha, Sasa Tuifanyie Nini?

Tangu shule zifungwe barua zinazoingia hapa ni za pazo tu, zile picha za jigso unazojenga kwa kuunganisha vipande 500 au 1,000. Watu wamezimaliza na sasa wanataka kujua wazifanyie nini kabla mtoto wa jirani hajazikung'uta chini, wengine wanataka kuzigeuza zawadi na mfuko hauruhusu kununua kitu dukani. Nimechukua sita, zile zingine zilikuwa zinauliza yale yale.

*Anti, habari yako. Mimi na shosh wa watoto wangu tumemaliza pazo ya vipande 1,000, picha ni flamingo wengi wengi, ilianza kama mchezo tu ikawa hakuna mtu analala. Iko kwa meza ya kulia hadi leo na sisi tunakula sahani zikiwa mapajani. Shosh anafikisha miaka 70 mwezi ujao na nataka nimpe ikiwa imegandishwa vizuri aweke ukutani kwake Njoro. Naogopa nikipaka gundi itajikunja, na pia sijui nitaitoa aje hapo mezani bila kuivuruga.*
*Mama wawili, Section 58, Nakuru*

Mama wawili, poleni na hizo sahani. Tuanze na kuitoa, juu hapo ndipo wengi huharibu. Pazo ya vipande 1,000 huwa karibu sentimita 70 kwa 50, kwa hivyo tafuta kitu kigumu kinachoizidi kidogo, hadibodi au hata upande mmoja wa boksi la friji kama haujapinda. Weka hiyo boksi ilingane na ukingo wa meza, mtu mmoja aishike, mwingine asukume pazo pole pole viganja vikiwa vimelala juu yake. Vipande vikiwa vimeshikana vizuri itateleza yote. Ikianza kuachana usilazimishe, igawanye mara nne hapo hapo kwenye maungio, hamisha robo kwa robo halafu uunganishe tena.

Lakini kabla uisukume, tandika juu ya hiyo boksi nailoni ya kufunikia vitabu vya shule, ile ya rola ya kawaida, sio ile ya kujibandika yenyewe. Gundi nyeupe haishiki nailoni, ikikauka unabandua tu. Watu hutandika gazeti, halafu wanakaa Jumapili nzima wakikwangua habari za michezo nyuma ya pazo.

Sasa pangusa vumbi na brashi kavu laini, na hapo Nakuru wakati wa kiangazi usifanye haraka, unajua vile vumbi huingia hata ukifunga madirisha. Nywele moja ikikwama chini ya gundi itabaki hapo miaka yote na shosh ataiona kila siku akinywa chai. Pitisha kijiti cha kusukumia chapati juu yake vipande vyote vikae usawa mmoja.

Gundi nunua ile nyeupe, ya shule au ya mbao, bora ikikauka iwe haina rangi. Jaribu tone moja kwa kipande cha boksi ulale nalo, ingine hukauka na unjano. Na tafadhali usiongeze maji. Najua video nyingi huko intaneti zinasema changanya na maji ndio itandazike, lakini pazo ni karatasi iliyobandikwa kwa kadibodi, na kadibodi ikinywa maji inafura, kingo za vipande zinainuka na picha inaanza kubanduka kwa pembe. Mwaga gundi kidogo katikati na uitandaze kuenda nje kwa kadi ngumu ya plastiki. Mimi hutumia kadi yangu ya NHIF, ile bima ya afya ya zamani, tangu SHA ichukue nafasi Oktoba 2024 hiyo kadi haikuwa na kazi ingine na kusema ukweli hii inaifaa zaidi. Ilaze kadi kidogo, ivute gundi iingie kwenye mianya kati ya vipande, na ile inayobaki juu uikombe yote. Pazo itakuwa nyeupe kama maziwa na utashtuka, usishtuke, ikikauka inarudi. Mikono miwili myembamba, yaani kupaka mara mbili, ni afadhali kuliko mmoja mzito, na uache mkono wa kwanza ukauke kabisa kabla ya wa pili.

Hiyo ya kujikunja sasa. Gundi ikikauka inasinyaa, na ikisinyaa inavuta karatasi. Ukipaka mbele pekee, mbele panavutwa na nyuma hapana kitu cha kuvuta upande wake, basi kingo zinainuka juu. Dawa si kupunguza gundi ya mbele, dawa ni kupaka nyuma pia, kiasi kile kile. Iache mbele ikauke usiku mzima, asubuhi weka nailoni ingine na ubao mwingine juu, mkiwa wawili mshike hizo bao mbili pamoja na muipindue kwa mara moja bila kusitasita. Bandua nailoni iliyokuwa chini, sasa iko juu, upake nyuma. Ikishakauka isishike kidole tena, irudishie katikati ya nailoni mbili na ulundike vitabu vizito juu kwa siku kadhaa.

Mimi huona watu wanahangaika na mbele, gundi gani inang'aa, vanishi gani, na pazo karibu zote ninazoletewa zikiwa zimeharibika zilianzia nyuma. Ukikumbuka tu kwamba hiyo ni karatasi, mambo mengi yanajijibu yenyewe. Kwa shosh, kama hutaki gharama ya kioo, badala ya kupaka nyuma na kuiacha hivyo, ibandike yote kwa plaiwudi ya milimita 6, weka uzito, halafu fundi aweke ukingo wa mbao kuizunguka. Na muandike tarehe na majina ya wote walioijenga nyuma ya hiyo plaiwudi.

*Anti, mimi nilishaweka yangu kwa fremu, kioo mbele na kila kitu, fundi wa hapa Kondele alinitengenezea na akaibana vizuri kabisa. Ni picha ya mashua ziwani, nilikuwa nimempangia mamangu zawadi ya Krismasi. Mwaka haujaisha na tayari ina madoa meusi kwa kona ya chini na imekuwa mawimbi mawimbi, halafu nyekundu imepotea, kila kitu kinakaa buluu. Nimkasirikie fundi ama?*
*Msomaji, Kisumu*

Fundi mwache. Alibana kioo kikagusa pazo, hiyo ni kweli, lakini hakuna aliyemwambia, na kwa picha za kawaida za kalenda watu hufanya hivyo kila siku.

Dada yangu, uko mita 1,131 juu ya bahari kando ya ghuba, joto na unyevu vinakaa pamoja. Usiku hewa ikipoa unyevu unatafuta mahali pa kukaa, na kioo ni pa kwanza. Kama kioo kimelala juu ya pazo huo unyevu hauna pa kwenda isipokuwa ndani ya kadibodi. Hayo madoa meusi ni ukungu, na kama yameanzia kona ya chini nitashangaa sana kama hiyo fremu haiko kwa ukuta wa nje, ule unaopigwa na mvua.

Ukitengeneza ingine mwambie fundi aweke kijiti chembamba cha mbao kati ya kioo na pazo kuzunguka pande zote nne, kisionekane, milimita 3 zinatosha, ndio hewa ikae hapo. Kadibodi ya nyuma asiizibe na selotepu pande zote hadi isipumue. Halafu hii ni yangu na haina gharama: chukua patapata iliyokatika, kata vipande vinne vya ukubwa wa kifungo, bandika kimoja kimoja kwa kona za nyuma ya fremu. Fremu inakaa mbali na ukuta kidogo, hewa inapita nyuma, na hata fremu haichubui rangi ya nyumba. Tundika kwa ukuta wa ndani, sio wa nje, sio jikoni, sio karibu na bafu.

Rangi kugeuka buluu ni jua. Wino wa kuchapisha ni rangi nne, na ule mwekundu na wa manjano hufa haraka kwa jua kuliko ule wa buluu. Pita mbele ya kinyozi yeyote wa zamani uangalie zile picha za mitindo ya nywele zilizobandikwa dirishani, vijana wote wamekuwa buluu hadi masikio. Kwa hivyo usiitundike mahali jua la saa kumi linafika, na usidhani kioo cha kawaida kitaizuia, kinapunguza kidogo tu.

Hiyo uliyo nayo haitarudi ilivyokuwa, na usiifute na kitambaa kibichi, utasambaza ukungu. Itoe nje penye upepo, funika pua, pangusa na brashi kavu. Halafu tazama ni sehemu gani imebaki safi. Kama mashua yenyewe iko sawa, kata hapo na wembe wa kukatia na rula ya chuma, upate picha ndogo ya ukubwa wa kadi, ibandike kwa kadi ngumu na umwandikie mama. Mama hatajua ilikuwa kubwa.

*Naeza tumia uji wa unga wa ngano badala ya gundi? Tulikuwa tunatumia hiyo shuleni kubandika makaratasi.*
*Kijana wa Bungoma*

Hapana. Mende wanaila, panya wanaila, na ikipata unyevu inaota ukungu haraka kuliko karatasi yenyewe. Chupa ndogo ya gundi nyeupe ya shule ni bei ya soda.

*Hujambo Anti. Mimi ni mwalimu Kakamega na ninasimamia chama cha ufundi. Tumepata gunia la pazo kwa mitumba, nyingi hazina boksi, na karibu zote zimepotelewa na vipande. Wanafunzi wangependa kutengeneza zawadi za kuwapa wazazi siku ya kufunga shule. Je, pazo isiyokamilika ina faida yoyote, na je, kipande kilichopotea kinaweza kutengenezwa?*
*Mwalimu, Kakamega*

Sijambo mwalimu, na hongera. Kwa zawadi pazo isiyokamilika inafaa kuliko iliyokamilika, juu hakuna mtu atakayelia ukiikata.

Kipande kinatengenezeka. Weka karatasi nyeupe chini ya hilo tundu na upitishe penseli iliyochongwa vizuri kufuata ukingo wa ndani. Kata hiyo alama, ibandike kwa boksi la siriali, kata tena, na uongeze tabaka moja moja hadi unene ulingane na wenzake. Jaribu kwenye tundu, lainisha na msasa pale panapogoma, halafu mtoto mwenye jicho la rangi akipake rangi kulingana na majirani zake. Kwa anga na majani kinakubali hadi huwezi kukiona. Kwa uso wa mtu usijaribu. Kuna wakati mimi huacha tundu kama lilivyo, haswa pazo ikiwa ya ramani, na ramani ndiyo pazo ya asili kabisa: yule anayetajwa kuwa wa kwanza kuziuza, John Spilsbury wa London, miaka ya 1760, alikuwa mchonga ramani, akazibandika kwa mbao na kuzikata kwa kufuata mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia. Mwalimu nadhani hapo umeshapata somo la kipindi kizima.

Vipande vilivyobaki huru, wanafunzi wavitenganishe kwa rangi, sio kwa pazo. Wakishapata bakuli la buluu, la kijani, la kahawia, wazo linakuja lenyewe. Rahisi zaidi ni fremu ya picha ya passport: kadibodi ngumu yenye dirisha katikati, vipande vinabandikwa kwa kupishana tabaka mbili kuizunguka, picha ya mtoto inaingizwa nyuma. Sumaku za friji nazo zinapendwa lakini tumieni vipande viwili vitatu vilivyounganika ndio sumaku ipate pa kukaa. Wenye ndugu wadogo nyumbani waambie kabisa, vipande na sumaku ndogo zisikae mahali mtoto wa chini ya miaka 3 anafika. Kipande kinakaba koo, na sumaku mbili zikimezwa zinashikana ndani ya utumbo, hiyo ni hospitali.

Kama chama kina pesa kidogo jaribuni saa ya ukutani, moja tu, ya kumpa mwalimu mkuu. Pazo ndogo ya vipande 100 au 200, ibandikwe kwa plaiwudi, fundi atoboe tundu katikati na drili. Mashine ya saa mnaweza kutoa kwa saa kuukuu ya plastiki iliyovunjika uso. Shida huwa moja: lile shina lenye meno linalopita kwenye tundu lazima liwe refu kuliko unene wa pazo na ubao pamoja, na saa za plastiki zina mashina mafupi juu uso wake ni mwembamba. Kwa hivyo pimeni shina kwanza ndipo mchague ubao, sio kinyume chake. Mkikwama, chimbeni nyuma ya ubao hapo katikati mashine izame ndani kidogo. Na mtoboe kutoka mbele, pazo ikiwa imeshapakwa gundi na kukauka kabisa, la sivyo drili itainua karatasi.

*Anti naomba unisaidie haraka. Binamu yangu anaolewa na nimechapishiwa pazo ya picha yao, ile ya siku ya kupeleka mahari, vipande 300. Nataka niifanye trei ya kubebea chai. Nilijaribu na pazo ingine ya zamani, nikamwaga epoksi juu, ile ya kumwaga inayoganda kama kioo, ikatokea madoa meusi kama mafuta na mapovu kila mahali. Nimebakisha chupa moja na ni bei.*
*Mama Dee, Kisumu*

Mama Dee, asante Mungu ulijaribu na ya zamani. Hayo madoa ni epoksi imenyweka ndani ya kadibodi kupitia mianya, kadibodi ikilowa inabadilika rangi na hairudi. Pazo lazima izibwe kwanza, mikono miwili ya gundi nyeupe mbele, na nyuma ibandikwe kwa ubao wa trei, ikauke hadi pasiwe na mahali peupe hata kamoja, ndipo umwage. Mapovu yanatoka kwa kukoroga kwa nguvu. Koroga pole pole ukikwangua pande na chini ya kikombe, na vipimo ufuate chupa yako, angalia kama wanasema kwa uzito au kwa ujazo maana hivyo ni viwili tofauti, na ukikosea itabaki inanata hadi siku ya harusi. Fungua madirisha, vaa glavu.

Ila ungeniuliza kabla ya kununua ningekwambia achana nayo. Trei ni ya chai, na epoksi nyingi za ufundi hulainika kwa joto la birika iliyotoka motoni. Utapata duara limeandikwa kwa uso wa bwana harusi. Nenda kwa muuza vioo, mwambie akukatie kioo cha milimita 4 kwa kipimo cha ndani ya trei na asugue kingo, kilaze juu ya pazo iliyozibwa, fundi akishike na ukanda mwembamba wa mbao. Ndiyo, nimetoka kumwambia mwenzako wa Kondele kioo kisiguse, lakini yake iko ukutani mwaka mzima, yako itashinda ikikaushwa na kupanguswa, na ukitaka usalama weka kile kijiti pia. Muhimu ni chai ikimwagika isipate pa kupenya kwa kingo, hapo paka silikoni isiyo na rangi. Na mwambie bibi harusi trei haizamishwi kwa karai la vyombo.

*Mume wangu anasema kupaka pazo gundi ni kuiua. Ati mchezo ni kuivunja na kuijenga tena. Mimi naona tumekaa nayo usiku mwingi sana kuirudisha kwa boksi. Dadangu anahama kwenda Mombasa na nilitaka nimpe. Nani yuko sahihi?*
*Busia*

Mzee ana hoja, na sitaki kuingilia nyumba ya watu, lakini hii ya kumpa mtu anayehama mimi niko upande wa mzee. Fremu yenye kioo ndani ya basi la usiku hadi Mombasa itafika ikiwa vioo.

Fanya hivi. Pazo ikiwa imekamilika, ipindue kwa zile bao mbili kama nilivyomweleza Mama wawili, bila gundi yoyote. Nyuma yake ni karatasi tupu ya kijivu. Mwandikie dadako barua hapo, ndefu, ijaze uso wote kutoka kona hadi kona, mzee naye aandike upande wake, watoto wachore. Tumia biro ya kawaida, maka inapenya na kutokea mbele. Andika herufi kubwa kiasi na usijali maneno yakikatika kwenye maungio. Ukimaliza piga picha ya mbele, halafu ivunje yote, tia kwa boksi na uifunge kwa kamba. Usimwambie kuna kitu nyuma hadi afike, halafu mpigie simu umwambie akimaliza kuijenga asiivunje bila kuipindua. Vipande vya ukingo vitie kwa bahasha yao, vile alivyo na haraka asije akakata tamaa kabla hajafika kwa jina lake.